Tarehe 14 Februari, nitoke au nikae ndani?

Ndugu Wakenya wa Bahrain, hamjambo? Nina miezi mitatu hapa, namtunza mama mmoja mzee karibu na Sitra. Mwajiri amenikataza kutoka tarehe 14, na paspoti yangu anayo yeye. Wenzangu wanasema watu wa vijiji hivi ni wakorofi tu. Nifanyeje?

Jibu:
Karibu dada. Jioni hiyo usitoke, ni kumbukumbu ya maandamano yaliyoanza tarehe hiyo mwaka 2011. Funga madirisha, gesi ya machozi haibishi hodi. Tembea na kadi yako ya CPR, yaani kitambulisho cha hapa, na usipige picha polisi wala waandamanaji, hata ukiwa dirishani. Paspoti idai kwa upole. Sheria ya hapa haimruhusu kuishika.

Lakini hilo la ukorofi, tafadhali usilibebe. Mwaka 2011 nilikuwa keshia karibu na Mzunguko wa Lulu. Niliona watu wakija na watoto na mahema, wanadai serikali watakayoichagua wenyewe. Machi, wanajeshi wa Saudia wakavuka daraja kuja kuisaidia serikali, na tarehe 18 mnara wa Lulu ukabomolewa. Sarafu ya filsi 500 ilikuwa na picha ya mnara ule, matanga ya jahazi yameinua lulu. Bosi akatuambia tuzitenge, mteja asirudishiwe hata moja. Nikawa nazidondosha kwenye kopo la maziwa, moja moja, na moyo unaniuma.

Sisi wa Nyeri tungewaelewa kwanza. Ian Henderson, afisa wa polisi wa mkoloni aliyemsaka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa kwetu Nyeri, mpaka akakamatwa 1956, alifukuzwa Kenya 1964. Mwaka 1966 akakabidhiwa usalama wa Bahrain, ingali chini ya ulinzi wa Uingereza. Uhuru ulikuja 1971, yeye akabaki kazini hadi 1998. Wengi waliopitia idara yake walisema waliteswa, yeye alikana. Amri ya 1974 iliruhusu mtu kuzuiliwa miaka mitatu bila kesi. Babu yangu naye alizuiliwa bila kesi wakati mkoloni alipotangaza Hali ya Hatari Kenya. Mzee mmoja wa kijiji cha Sanabis aliponieleza yaliyompata, nilidhani namsikia babu.

Jibu:
Asante sana kaka. Paspoti nimeiomba, nimeambiwa nisubiri mwenye nyumba arudi safari. Nakala ninayo kwenye simu. Yule mama mzee anayo sarafu moja ya filsi 500, ameifunga kwenye pindo la mtandio wake. Juzi nilitaka kuifungua ili nifue, akanishika mkono.