Mama katoka ICU, huu ni mwezi wa tatu tangu atoke, bado hayuko sawa. Naombeni ushauri

Binti Mkubwa: Habari zenu wadau. Mama aliugua nimonia kali, akawekwa kwenye mashine ya kupumulia karibu wiki mbili. Tunamshukuru Mungu alitoka. Ila mpaka leo kwenda chooni tu anapumzika njiani, nywele zinang'oka, anasahau sufuria jikoni. Usiku anashtuka anasema manesi walimfunga mikono wamtupe mtoni. Shangazi anasema karogwa, kaka anasema kazoea kuhudumiwa. Kuna aliyepitia haya?

Mazoezi Tiba: Pole dada. Mwambie kaka misuli imeisha. Utafiti wa London wa 2013 ulipima msuli wa paja kwa wagonjwa wa ICU; siku ya 10 ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Kuurudisha ni miezi, wengine hupita mwaka. Akae kwenye kiti, asimame bila kushika, arudie mara chache asubuhi na jioni. Mayai, dagaa, maharage visikosekane, kama figo ziko salama. Nywele zitaota.

Mzee wa Pugu: Mimi nililazwa ICU 2021, Covid. Niliona siafu wamejaa ukutani, na nesi mmoja niliamini kabisa anataka kuniuza. Daktari akanieleza ni ugonjwa wenyewe, dawa za usingizi na kukosa kulala, vyote huvuruga akili, na kusahau kunaweza kubaki muda mrefu. Mikono hufungwa kweli wakati mwingine, mgonjwa asichomoe mpira wa koo, ule wa mashine ya kupumulia. Kwa hiyo mama hadanganyi, msimbishie. Mke wangu alikuwa anaandika kila siku kilichotokea, tukaja kusoma pamoja. Ndipo nikaanza kulala.

Abuu Salma: Dua ziendelee, ila shangazi asimpeleke kupungwa. Atazidi kuogopa.

Binti Mkubwa: Asanteni sana, kaka nimemsomea yote. Niulize na hili: siku hizi akivuta pumzi kuna mlio kama filimbi, na sauti imekauka. Ni kawaida?

Mazoezi Tiba: Hapana, hilo lisisubiri kliniki. Mpira ukikaa kooni siku nyingi unaweza kuacha kovu linalobana njia ya hewa taratibu, wiki au miezi baadaye. Wapo wanaopewa dawa za pumu bila nafuu. Kesho mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwambie wazi kuwa aliwekewa mpira. Akishindwa kumaliza sentensi au shingo ikibonyea akivuta hewa, nendeni usiku huohuo.

Binti Mkubwa: Kaka anatafuta gari, tunakwenda alfajiri.