Tuzo ya mtunzi bora wa nyimbo: waamue mashabiki au watunzi wenyewe?

Chalii wa Sakina
Wadau habari za jioni. Hili jambo limenikaa rohoni muda, leo nalitoa. Tuzo za muziki za taifa tunazo toka 1999, enzi hizo zikiitwa Kili, zikapotea baada ya 2015, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wakazirudisha 2022. Enzi za Kili mtunzi alikuwa na kipengele chake, mtunzi bora wa mashairi, bongo fleva kivyake, hip hop kivyake, mpaka taarab na bendi. Sawa. Ila shabiki anayepiga kura kwa simu mtunzi anamjulia wapi? Anamjua anayeimba, anampigia huyo huyo. Uingereza wana tuzo za Ivor Novello toka 1956 na wanaoamua ni watunzi wenzao, shabiki haulizwi. Marekani kwenye Grammy, wimbo bora wa mwaka tuzo yake inaenda kwa walioandika, rekodi bora ya mwaka ndo ya msanii na maprodyuza wake, na 2023 wakaongeza kabisa tuzo ya mtunzi wa mwaka. Mi nasema na sisi tuwe na usiku wa watunzi peke yao, jopo la watunzi, na jina la aliyeandika litajwe kabla ya la aliyeimba. Hapa Arusha kuna madogo wanaandika mistari inaimbwa nchi nzima na wao wameambulia hela ya kodi ya chumba basi.

Mwana Unga Ltd
Chalii umeongea vizuri ila hilo la jopo sikubali hata kwa dawa. Jopo litakaa Dar, litakula Dar, litapeana tuzo Dar. Kura angalau mtu wa Mto wa Mbu na kisimu chake anahesabika. Halafu hip hop haina hayo mambo ya huyu mtunzi huyu muimbaji, marapa wetu wa Arusha Joh Makini na Nikki wa Pili wanaandika wenyewe, ukimpa msanii umempa mtunzi. Kundi letu la X Plastaz walivyochanganya rap na nyimbo za Kimasai nani wa kwenye jopo angewaelewa? Na mkianza habari za watunzi peke yao kesho mtaona walimu wa kwaya wamejipanga foleni, watu wanachukua wimbo wa Kijerumani kwenye kitabu wanabadili bezi, ile sauti nzito ya chini, halafu wanasema wametunga.

Mwalimu wa Kiboriloni
Wewe wa Unga Ltd nimekusoma na nimeumia. Nafundisha kwaya hapa Moshi miaka mingi. Unajua wimbo wa kwaya unavyotungwa? Nakaa na karatasi naandika sauti ya kwanza kwa nota, d r m zile za do re mi, mstari kwa mstari, naingia alto, tenor, bezi, kila sauti iwe na mwendo wake na zote zifike pamoja bila kugongana, na maneno yakae kwenye mapigo yake, maana ukiandika "Mungu" mkazo ukaangukia kwenye "ngu" waimbaji wenyewe wataguna. Hapo umekesha. Huyo wako wa hip hop anapewa biti limeshaiva anaongea juu yake. Mtunzi ni nani hapo?

Mwana Unga Ltd
Anaongea??? Mwalimu shikamoo, lakini hapo umetukana watu. Kupanga vina vikae kwenye biti, stori ianze na iishe, mtu wa Kaloleni aisikie aseme huyu kaniongelea mimi, unaita kuongea? Shaaban Robert naye alikuwa anaongea? Hakuwa na kinanda wala bezi na hakuna mtu anamnyima utunzi. Na hujanijibu, nyimbo za Kijerumani kwenye vitabu vyenu zipo hazipo?

Kijana wa Soweto Moshi
Zipo, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika huku Kilimanjaro 1893 wakaja nazo, kuna anayekataa? Tatizo lenu watu wa A-town, Arusha, kitu ambacho hakina biti mnaona si muziki. Mimi ni Mkatoliki, nyimbo zetu nyingi zinatembea kwa karatasi. Juu kulia pana jina la mtunzi, chini yake tarehe na alipotungia, mfano Kibosho. Sasa karatasi ikienda stationery ikatolewa kopi, na kopi nayo ikatolewa kopi, ile kona inakatwa, wimbo unafika Mwanza hauna baba. Mwalimu wangu aliyenifundisha nota wimbo wake umerekodiwa na kwaya ya mkoa mwingine, kwenye video wameandika mtunzi hajulikani. Mtu yupo hai, ana simu, kila Jumapili yuko kwenye kinanda.

Dada wa Njiro
Afadhali yenu mna karatasi. Mimi kiitikio na vesi ya kwanza nilimwimbia msanii kwa voice note, tukaingia studio moja hapa mjini tukamalizia, wimbo ukatoka jina langu halipo popote, kuuliza naambiwa si ulipewa ya nauli tulishamalizana. Sasa iwe jopo iwe kura, hiyo tuzo nitaitiwa kwa jina gani? Sheria ya hakimiliki ipo, namba 7 ya 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwanzoni mwa 2022 COSOTA, wale wa hakimiliki, wakagawa mirabaha, yaani malipo ya nyimbo kupigwa, tukashangilia. Lakini mirabaha inafuata jina lililosajiliwa na aliyesajili ni yeye sio mimi.

Mzee wa Majengo
Pole binti yangu. Hayo hayajaanza leo. Wimbo wa Malaika huo mnaouimba harusini, Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi akajulikana nao, Adam Salim akasema ni wa kwake, wengine wakasema ni wa Grant Charo. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba ukazunguka dunia nzima na mpaka leo watu wanabishana ni wa nani. Zingekuwepo tuzo za watunzi wakati ule mngemwita nani jukwaani?

Mwana Unga Ltd
Tungemwita Adam Salim mzee, Mtanzania yule. Msiwape Wakenya kila kitu, Mlima Kilimanjaro wameshawauzia watalii kama wa kwao.

Chalii wa Sakina
Jamani mlima umeingiaje tena. Niliuliza kura au jopo. Na Dada wa Njiro amenipa nguvu kabisa, kwa sababu jopo linaweza kumwita msanii likamwambia tuonyeshe huu wimbo ulianzaje, nani alikuwa studio, leta rasimu, leta voice note. Kura ya simu haimuulizi mtu chochote, mwenye mashabiki wengi anabeba na mtunzi anabaki Njiro anaangalia kwenye TV.

Mwalimu wa Kiboriloni
Kwenye mashindano ya kwaya hilo tulishalimaliza zamani. Jaji anakaa na nota mkononi na karatasi ya alama, anafuata sauti moja moja kama ilivyoandikwa. Kipande cha kuiba anakisikia pale pale, maana jaji mwenyewe ni mtunzi. Shabiki wa kwaya ashangilie nje, alama haimhusu.

Mwana Unga Ltd
Majaji wenyewe si ndo haohao wa Moshi? Lini kwaya ya Arusha ilikuja kwenu ikaondoka na ushindi? Hapo ndo ninaposema jopo ni upendeleo tu, mnajuana.

Kijana wa Soweto Moshi
Hujui unachoongea kaka. Kanisa la Kilutheri, KKKT, kwa Moshi ni Dayosisi ya Kaskazini, Arusha ni Kaskazini Kati, kila dayosisi na mashindano yake. Umeonewaje kwenye shindano ambalo hukuingia?

Dada wa Njiro
Bishaneni na dayosisi zenu. Mi swali langu kwa BASATA ni fomu. Msanii anapopeleka wimbo kushindania, kuwe na sehemu ya jina la mtunzi, mtunzi asaini mwenyewe kwa mkono wake, na kama mtunzi na muimbaji ni mtu mmoja aandike hivyo na ashikwe nalo siku likija kubainika sio. Mkishaweka hilo mkitaka kura mkitaka jopo sijali.

Mzee wa Majengo
Na wale waliotunga zamani wakiwa kwenye bendi? Wengi hawapo, watasainiwa na nani?

Mwana Unga Ltd
Warithi mzee. Miaka 50 si imetajwa hapo juu. Ila mwalimu mi bado nakusubiri, futa lile neno la kuongea juu ya biti.

Mwalimu wa Kiboriloni
Silifuti. Binti wa Njiro, zile sauti ulizomtumia zina tarehe, usibadilishe simu kabla hujazihamishia mahali pengine salama, na mpeleke shahidi wako wa pale studio mkaandikishe maelezo mapema kabla hajahama mji. Na wewe wa Unga Ltd andika hapa vesi moja uliyotunga mwenyewe, bila biti, niikague vina na mapigo.