Re: Sola ya nyumba ya mama, Nyali

Kutoka Rotterdam:
Assalaam aleikum jamaa. Nataka kumwekea mama sola. Huku Uholanzi umeme wetu wa jua ukizidi tunapunguziwa bili uniti kwa uniti, ingawa mpango huo unakoma tarehe 1 Januari 2027. Je, Mombasa nako tunaweza kuurudisha kwa Kenya Power?

Kutoka Kisauni:
Waaleikum salaam dada. Mnaweza. Sheria ya Kawi ya 2019 iliruhusu, na kanuni zake zikatoka 2024. Inawekwa mita inayohesabu stima inayoingia na inayotoka. Lakini hesabu yetu si kama ya huko: ukitoa uniti mbili unahesabiwa moja, tena ni ya kukatwa kwenye bili, si pesa mkononi. Salio likibaki mwaka wa fedha ukiisha, limepotea.

Kwa hivyo fundi asikujazie paa paneli kwa ahadi ya kuuza stima. Uniti inayotumika papo hapo mchana ndiyo yenye faida kamili, na mama, ashukuriwe Mungu, yuko nyumbani mchana. Pampu ijaze tangi saa tano, nguo zifuliwe na kupigwa pasi kabla ya alasiri. Friji na feni hazina saa. Kinachobaki ndicho kitoke nje, na jua likishatua arejeshewe nusu yake. Hata nusu ni afadhali kuliko kuiacha ipotee.

Jambo moja wauzaji hawalisemi: inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe stima ya nyumbani, ikiwa imeungwa na nyaya za Kenya Power bila betri hujizima stima ikikatika, ili umeme wako usimdhuru fundi aliye juu ya nguzo. Kwa joto letu la Machi, tafadhali usimwache mama bila feni. Nunua inveta inayokubali betri, hata betri ndogo.

Nyali ina chumvi ya bahari, basi fremu ziwe za alumini na boliti zisizoshika kutu. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi. Akaunti ya stima ina jina la nani?

Kutoka Rotterdam:
La marehemu baba.

Kutoka Kisauni:
Mungu amrehemu. Anzeni hapo, kwa sababu mkataba wa kurudisha stima kwa Kenya Power unafungwa na mwenye akaunti. Wakati mama anabadilisha jina, nitumie bili za karibuni na picha ya paa ya saa sita, tuone kivuli cha minazi kinafika wapi.