Rafu kati za tamthilia (uhariri wa awali, kabla ya muziki na madoido): mnaona nini humo?

Mtazamaji_Tanga: Wakuu, jamaa kanionyesha vipande vya zile episodi za Doctor Who, tamthilia ya BBC ya Uingereza, zilizovuja zikiwa rafu kati mwaka 2014, kabla ya kurushwa msimu wa kwanza wa Peter Capaldi kama mhusika mkuu. Hazina rangi, alama za utambulisho zimepita juu ya picha, madoido mengi hayajawekwa. Dakika chache tu nikachoka. Mbona watu wa fani wanazithamini?

Meza_ya_Uhariri: Mkuu, mimi nahariri tamthilia hapa Dar. Zilizovuja sikushauri kuzitafuta, ni jasho la watu. Ila rafu kati naiamini kuliko skripti, kwa sababu hapo hakuna muziki wa kumsaidia mwigizaji. Anaweza au hawezi, unaona.

Kuna sini niliyoihariri, mama anapigiwa simu ya msiba. Anasikiliza, anaiweka simu chini, anarudi kuchambua mchele. Kwenye rafu kati unasikia vidole vyake kwenye ungo, na chenga anazitupa pembeni vilevile kama mwanzo, ila macho hayapo tena kwenye mchele. Mtayarishaji akasema ni ndefu, ikafupishwa, kisha ikamwagiwa vinanda. Iliyoruka hewani inakuamuru ulie. Ile ya mwanzo ilikuacha na mama wa watu. Bado inaniuma.

Halafu inafichua kasoro za hadithi. Episodi ya majaribio ya Game of Thrones ilipigwa mwaka 2009. Marafiki wa watengenezaji, waandishi wenzao, wakaonyeshwa, wakamaliza bila kujua kwamba Jaime na Cersei, wapenzi wa siri humo, ni ndugu! Fumbo lote la episodi ile limekaa hapo. Waliotengeneza walilijua tangu kwenye karatasi, kwa hiyo hawakuona kwamba kwenye picha halipo. Sehemu kubwa ikapigwa upya, na HBO, kituo cha televisheni cha Marekani, wakairusha Aprili 2011.

BintiKilindini: Nyongeza kidogo. Kuna vinavyokatwa hata kazi ikiwa imekamilika. Robot of Sherwood, episodi ya Doctor Who ya msimu huohuo wa Capaldi, ilikuwa na sini ya Sherifu, adui wa episodi hiyo, kukatwa kichwa. BBC wakaiondoa Septemba 2014, kwa vile waandishi wa habari walikuwa wametoka kuuawa hivyo Syria. Lakini sini hiyo ndiyo iliyoonyesha kuwa Sherifu ni roboti.

Meza_ya_Uhariri: Naam, na waliamua vyema. Kwa familia zile isingekuwa burudani. Pengo linabaki kwenye hadithi, mhariri unalibeba hivyohivyo.

Mtazamaji_Tanga: Nimewaelewa. Sasa nianze na ipi iliyo halali?

Meza_ya_Uhariri: Sherlock, tamthilia ya upelelezi ya BBC. Si rafu kati, ni episodi ya majaribio ambayo haikurushwa, ya saa moja, ila imo kwenye DVD. Itazame kwanza, kisha A Study in Pink, episodi ya kwanza iliyorushwa, ya mwaka 2010, dakika 90. Kisa ni kilekile. Angalia simu za mkononi: kwenye ile ya majaribio maneno ya meseji hayaelei juu ya picha kama kwenye hii ya pili.