Nihame Kariakoo nikapange fremu kwenye mall? Naombeni ushauri kabla sijasaini

Bint_Aggrey

Habari za jioni wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Nauza nguo za watoto Kariakoo, mtaa wa Aggrey, huu mwaka wa tisa. Fremu tunagawana wawili, mimi na dada mmoja wa mikoba. Upande wangu nalipa 1,100,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo, na niliingia kwa kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, ambacho mpaka leo mume wangu hajui kilikuwa shilingi ngapi. Biashara inakwenda, siwezi kukufuru. Ila nimechoka. Tangu ghorofa la pale Mchikichi na Congo liporomoke Novemba 2024, nikisikia nyundo inagonga jengo la jirani natoka nje nasimama barabarani kama mwehu. Halafu wateja wangu wenye magari hawaji tena, kila mmoja "nitumie kwa boda".

Sasa kuna mall moja huku barabara ya Bagamoyo, jina naliacha, wamenipa barua ya ofa. Fremu iko ghorofa ya kwanza, mita za mraba 32. Kodi dola 20 kwa mita, gharama za huduma dola 4 kwa mita (ulinzi, usafi, jenereta, kiyoyozi), juu yake VAT 18%. Dhamana ya miezi mitatu. Mkataba miaka mitano, kodi inapanda 5% kila mwaka. Fremu napewa tupu, sakafu ya zege na nyaya zinaning'inia, kuipamba ni juu yangu.

Nilienda ofisini kwao, panapulizwa marashi, nikapewa kahawa ya mashine na mchoro wa rangi. Natoka nje nimeshaliona jina la duka langu juu ya kioo. Ndiyo maana nimekuja kwenu, najijua.

Je, hizi mall zinakwendaje siku hizi? Kuna mtu ametoka Kariakoo akaenda na hakujuta?

Kahawa Chungu

Hiyo kahawa ya mashine utailipia miaka mitano dada.

Dalali Mstaafu

Marahaba binti. Tupige hesabu kwanza, marashi baadaye.

Dola 24 mara mita 32 ni 768. Weka VAT, 906. Dola ikiwa 2,500 hiyo ni 2,265,000 kwa mwezi kabla hujawasha taa. Na kama mauzo yako hayajafika milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa VAT, ile 18% huidai popote, imekwenda. Mwaka wa tano kodi peke yake, bila huduma wala VAT, imetoka dola 640 imefika 778. Rafu, gipsamu, taa na kioo sijagusa.

Nimepangisha fremu jiji hili miaka mingi, ngoja nikupe historia maana ndiyo itakayokusaidia. Mlimani City ilipofunguliwa 2006, kampuni ya Turnstar ya Botswana imejenga kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, watu walikuwa wanakuja familia nzima Jumapili kutembea tu. Ndani kulikuwa na maduka makubwa ya Shoprite na Game. Wale ndio tunawaita nanga. Mwenye duka dogo alikuwa anapanga pale kwa ajili ya miguu ya watu wa Shoprite.

Baadaye nanga zikaanza kung'oka. 2014 Shoprite akawauzia Nakumatt maduka yake akaondoka nchini. 2015 Uchumi, supamaketi ya Kenya, akafunga. Nakumatt naye haikupita miaka mingi, akafia kwao Kenya na matawi yakafa naye. 2022 Game akafunga. Majina manne makubwa ndani ya miaka minane, na yote yalikuja kwa tarumbeta.

Kitu ambacho mpangaji mdogo hakiambiwi ni hiki: nanga analipa kodi ndogo sana kwa mita, wakati mwingine anabembelezwa aje. Pengo lake analiziba nani? Wewe wa mita 32. Ni haki, maana yeye ndiye anayekuletea watu. Lakini akiondoka yeye, kodi yako haishuki hata senti. Utabaki unalipia miguu ya watu ambao hawapo.

Kwa hiyo usianze na kioo. Uliza nanga wa jengo hilo ni nani, mkataba wake unaisha lini, na je, watakubali kukuandikia kwamba akifunga zaidi ya siku 90 kodi yako inakuwa nusu au unaruhusiwa kuondoka na dhamana yako? Wakigoma kuandika, wanajua kitu usichokijua.

La mwisho. Mall zetu hazijafa, tusidanganyane, Jumamosi hupati pa kuegesha gari. Ila zimebadilika. Zamani mtu alikwenda kununua, siku hizi anakwenda kula, kutoa hela benki, kutengeneza simu, kucheza na mtoto, kuangalia sinema. Nenda Jumamosi jioni ukae. Watu usiwahesabu, hesabu mifuko.

Mzee wa Chai

"Hesabu mifuko." Nimeiandika ukutani.

Wakili Kimya

Naongeza machache ya kisheria, si ushauri rasmi.

Barua yako imeandikwa kwa dola. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni, zinakataza kupanga bei, kutangaza au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mikataba iliyokuwapo ilipewa mwaka mmoja kujirekebisha. Mkataba mpya hauna kisingizio. Wengine wanakwepa kwa kuandika "malipo kwa shilingi kwa bei ya dola ya siku hiyo". Huo mtego usiingie. Mwaka 2022 dola ilikuwa inacheza kwenye 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Kwa dola zako 906 hiyo ni karibu laki tatu zaidi kila mwezi bila mwenye jengo kubadilisha hata balbu. Mwambie aandike shilingi, namba kamili, basi.

Pili, wewe ni mfanyabiashara, unapolipa kodi ya pango unatakiwa ukate 10% ya pango hilo, ndiyo kodi ya zuio, uipeleke TRA, na mwenye jengo apewe cheti chake. Uliza mapema hizo dola 20 ni kabla au baada ya makato, maana wengine wanakuongezea juu ili wao wapokee nzima. Na mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, 1% ya kodi ya mwaka. Siku mkigombana, mkataba usio na stempu utakuaibisha mahakamani.

Tatu, soma kifungu cha kuondoka kabla ya muda. Miaka mitano ni mingi. Mikataba mingi niliyoiona inasema ukiondoka mwaka wa pili unadaiwa mitatu iliyobaki.

Bint_Aggrey

Wakili, asante. Nimerudi kwenye barua sasa hivi. Kifungu cha 14 kinasema hivyo hivyo. Nilikiruka kwa sababu kilikuwa ukurasa wa nyuma.

Kahawa Chungu

Vifungu vitamu vyote vinakaa ukurasa wa nyuma.

Njia Panda Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Yale mnayoyaona Dar sisi tuliyapitia kwa ukubwa zaidi, wacha niseme.

Hapa kulikuwa na homa ya kujenga. Garden City 2015, The Hub Karen 2016, Two Rivers 2017, na nyingine nyingi katikati. Kila mwenye shamba kando ya barabara kuu alitaka mall. Halafu 2017 Nakumatt akaanza kuporomoka, rafu zikawa tupu, na yeye ndiye alikuwa nanga karibu kila mahali. Tuskys akamfuata. Shoprite alikuja 2018 akadhani amepata nafasi, muda si mrefu akafunga akarudi kwao. Leo ukiingia unakuta Carrefour, Naivas au Quickmart. Kule Thika Road Mall, Carrefour aliingia palepale alipotoka Nakumatt, mall ikapumua. Jengo ambalo halikupata mtu wa kuziba nafasi haraka, wapangaji wadogo waliondoka mmoja mmoja kama meno.

Kile kimebadilika sasa ni mbili. Moja, wenye majengo wanakatakata nafasi kubwa kuwa vibanda vidogo, ule mtindo wetu wa eksibisheni za katikati ya mji umepanda hadi kwenye mall. Ya pili, mtu mmoja anachukua eneo kubwa na kuuza kila kitu bei ya chini. China Square alifungua kwenye mall ya Unicity, pale Chuo Kikuu cha Kenyatta, Januari 2023. Watu walijaa mpaka wafanyabiashara wa mjini wakaandamana. Kwa hivyo ndugu yangu, uliza pia jirani yako wa ukuta atakuwa nani. Nguo za watoto ni bidhaa ya kwanza kuuawa na duka la namna hiyo.

Ujanja mmoja wa hapa kwetu: sheria inamlinda mpangaji wa duka ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, hawezi kufukuzwa au kupandishiwa kodi bila baraza la kodi za biashara. Ndiyo maana mall za Nairobi zitakupa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu si zawadi.

Mzee wa Chai

Miezi mitatu ya kukutoa nje ya sheria. Wakenya bwana.

Mama Shanga

Mimi nitapingana kidogo na mzee Dalali, kwa heshima zote. Mnamtisha huyu binti arudi Kariakoo akafie chini ya zege.

Mimi niliondoka Kariakoo 2021, mwaka ule ule soko liliungua, lakini sikwenda mall kubwa. Nilichukua fremu kwenye plaza ndogo huku Tabata, zile za ghorofa moja, kituo cha mafuta mbele, supamaketi ya kawaida pembeni, duka la dawa na mtu wa M-Pesa. Mita 18. Kodi kwa shilingi, nalipa miezi mitatu mitatu, kilemba hakuna. Siku ya kwanza niliuza sare mbili na soksi nikalia chooni.

Lakini angalia anayekuja pale ni nani. Mama anatoka kazini saa kumi na moja na nusu, foleni imemchosha, anasimama kuchukua mkate na maziwa, anaona gauni la mtoto kioo cha pili. Hajaja kutembea. Ameshika pochi tayari. Na anapita hapo kila siku ya Mungu, mall kubwa anakwenda mara moja kwa mwezi. Siku hizi plaza hizi zinaota kama uyoga Tabata, Mbezi, Kimara, Goba, na sababu ni hiyo foleni. Mtu hataki kuvuka jiji kwa ajili ya fulana.

Wateja wa Kariakoo sikuwapoteza pia. Jumla bado nauza kwa simu, mzigo unatoka stoo kwa boda. Duka ni la kuonekana na kujaribisha. Nusu ya mauzo yangu hayapiti mlangoni.

Dalali Mstaafu

Mama Shanga hujanipinga, umenisaidia. Mimi nilisema asisaini hiyo barua, sikusema abaki Aggrey. Ila na hizo plaza aangalie: nyingi zimejengwa mbele ya hifadhi ya barabara. Barabara ikipanuliwa, maegesho yanaondoka, na bila maegesho plaza ni ukuta tu. Aulize alama za X za kubomoa zimeishia wapi.

Mama Shanga

Hilo kweli. Jirani yetu lilimkuta.

Bint_Aggrey

Wakuu nimerudi. Jana Jumamosi nilikwenda kukaa kama mlivyosema. Nilikwenda na mwanangu ili nisionekane mwizi. Benchi mkabala na ngazi za umeme, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, kalamu na mgongo wa kitabu cha risiti.

Waliopanda ghorofa ya kwanza: 412. Walioshuka na mfuko wa duka lolote la juu: 19. Kati ya hao, sita ni mfuko wa duka moja la vipodozi. Wenye aiskrimu nilianza kuwahesabu nikaacha, mwanangu naye akawa mmoja wao.

Nikapanda. Duka la nguo za watoto lipo tayari, fremu ya tatu kutoka ile niliyoonyeshwa, kwenye mchoro wa rangi halikuwemo. Zuri, taa za njano, magauni yamening'inizwa kwa nafasi kama makumbusho. Gauni ambalo mimi nauza 25,000 pale lilikuwa 68,000, na ni mzigo ule ule, nembo ya ndani naifahamu. Binti wa dukani alikuwa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa. Tukazungumza. Alipojua niko Aggrey akatazama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule natafuta mfanyakazi.

Kahawa Chungu

Umempa namba?

Bint_Aggrey

Nimempa.

Wenye jengo nimewaandikia: kodi iandikwe kwa shilingi, kifungu cha nanga kiwepo, kifungu cha 14 kiwe notisi ya miezi mitatu. Meneja amejibu kwamba atawasiliana na wakurugenzi. Nilipomuuliza supamaketi ya chini mkataba wake unaisha lini, alisema hiyo ni siri ya mteja.

Mama Shanga, kwenye plaza yenu kuna fremu wazi?

Mama Shanga

Ipo moja, ile iliyokuwa ya mtu wa M-Pesa. Ni ndogo, mita 12, na mlango unagoma kufunga mvua ikinyesha. Njoo PM nikupe namba ya mwenyewe. Usimwambie umetumwa na mimi, atanipandishia.