Eti "tofali ni tofali": kwa alichonifanyia yule bwana leo, sinyamazi

FundiVinundu (mleta uzi)

Wanajamvi, nawasalimu, ingawa mkono unaoandika bado unatetemeka. Jina lake silitaji kwa sababu hakuna asiyemjua. Ni yule yule ambaye kila maonyesho yetu ya Lego, haya matofali ya plastiki ya kuunganisha, meza yake haikosi kuwa karibu na mlango, anayewaeleza wageni mambo kana kwamba matofali yote ya duniani yalifinyangwa jikoni kwake. Nimetoka huko saa tatu zilizopita, viatu sijavua, na chai niliyowekewa imeshapoa hapa pembeni.

Jambo lenyewe ni hili. Alinishika mkono, akaniwekea kiganjani tofali moja jekundu la vinundu vinane, vile vya juu vinavyoshika tofali jingine, akanifumba vidole kimoja kimoja kama mtoto aliyepewa pipi na kuonywa asiidondoshe, kisha akasema kwa sauti ambayo nina hakika ilivuka maji mpaka Kigamboni: "Ndugu yangu, tofali ni tofali. Kachezee na hili." Watu wakacheka. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa amenishika shati kwa nyuma.

Wengi wenu mliufuatilia ujenzi wa MV Liemba yangu, mfano wa ile meli ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka jana, na mnajua kwa nini niliichagua. Meli yenyewe ni ya vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa njia ya reli, na huko ndiko ilikounganishwa upya ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito isiharibike. Ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu anayependa kuunganisha vipande akishaijua habari hiyo, hawezi kulala mpaka aijenge.

Nami sikulala. Meli ina urefu wa mita 71 hivi. Kwa kipimo cha 1 kwa 150 nilipata sentimita 47 na kidogo, yaani vinundu 59 kutoka omo hadi tezi, kwa kuwa kinundu na kinundu hutengana milimita 8. Omo peke yake ilinila wiki sita na mgongo umebaki upinde. Ninyi mnajua kwamba bamba moja, yaani kile kipande chembamba, lina unene wa milimita 3.2, na kwamba mabamba matano yakilaliana hutoa milimita 16, ambazo ni sawasawa na upana wa vinundu viwili. Kwa hesabu hiyo nililaza matofali ubavu, vinundu vikitazama nje badala ya juu, nikawa nakunja mbavu za meli kidogo kidogo usiku baada ya usiku, mpaka pale ambapo hata ukucha haupiti kati ya kipande na kipande. Vipande vyeupe vya sitaha niliviagiza Ujerumani kupitia BrickLink, soko la vipande la mtandaoni. Vingine nilivichambua kwenye furushi la midoli ya mitumba pale Karume, nikaviosha kwa sabuni na mswaki. Jumla ni vipande 1,842, na kila kimoja nakijua kinapokaa.

Kisha nikapakia faili ya muundo wangu Rebrickable, tovuti ya kugawana miundo, bure, pamoja na maelekezo ya hatua kwa hatua, kwa sababu nilitaka kijana wa Kigoma anayeiona meli hiyo kwa macho yake aweze kuijenga kwake. Sikuomba senti. Niliomba jina langu libaki kwenye ukurasa wa kwanza, basi.

Leo nimeikuta mezani kwake, na kibao cha jina lake mbele. Msiniambie zimefanana tu. Mlango wa kushoto wa chumba cha nahodha niliuweka kinyume. Bawaba imeelekea ukutani, kwa hiyo haufunguki. Nilipogundua niliurekebisha kwenye meli yangu nyumbani, lakini sikurekebisha faili. Mlango huo upo mezani kwake, umegeuka vile vile, na nilimsikia kwa masikio yangu akimweleza mzee mmoja kwamba meli halisi ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwamkia kwanza, maana amenizidi umri. Nikamuuliza kwa upole, kwa sauti ya chini, kama ameona jina la msanifu lilipoandikwa. Ndipo akachukua lile tofali. Hakuchukua hata kwenye meli, alilitoa kwenye bakuli la watoto wanaopita! Akanifumba vidole. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne, na dole gumba akalimalizia juu kama anayefunga bahasha.

Matofali sita tu ya vinundu vinane, yote ya rangi moja, huunganika kwa njia 915,103,765. Hesabu hiyo ipo na inajulikana. Mimi nimetumia vipande 1,842, halafu mtu anataka niamini kwamba tumekutana njiani, mpaka kwenye mlango uliokosewa?

Binti yangu aliniuliza kwenye daladala, "Baba, kwani meli siyo yetu?" Hilo tofali bado ninalo mfukoni.

BambaJembamba

Pole sana, mkuu. Nilijua ni nani kabla sijafika mstari wa pili. Bwana huyo nilimwazima matao meupe 60 alipokuwa akijenga Beit al Ajaib ya Zanzibar, akanirudishia 41, na sita kati ya hayo yana alama za meno. Mtu mzima anabandua vipande vya wenzake kwa meno! Nilipomuuliza alinijibu kwamba matao huchakaa. Mpaka leo jumba langu lina upande mmoja usio na baraza kwa sababu yake.

WakiliWaJamvini

Mleta uzi, nakuhurumia, lakini hasira haibadilishi sheria. Hataza ya tofali hilo ni ya mwaka 1958 na muda wake ulikwisha zamani. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali lisiwe alama ya biashara ya mtu. Tena hao Lego wa Billund, Denmark, wenyewe, matofali yao ya kwanza ya mwaka 1949 waliyaunda kwa kufuata yale ya Kiddicraft ya Mwingereza Hilary Fisher Page. Kwa hiyo huyo bwana aliposema tofali ni tofali, kisheria hakukosea.

FundiVinundu (mleta uzi)

Ndugu wakili, mimi sikudai tofali, nimedai Liemba. Na kama umeanza habari ya Billund, imalizie. Walichukua tofali la mwenzao, ni kweli, lakini mwaka 1958 waliweka mirija ndani ya tumbo lake, na mirija hiyo ndiyo inayofanya vipande vishikane mpaka leo, kiasi kwamba tofali la mwaka ule bado linakaa vizuri juu ya la mwaka huu. Waliongeza kitu. Huyu wa kwetu ameongeza nini? Hata mlango hakuugeuza.

Na hujanijibu kuhusu vidole. Ni sheria ipi inayomruhusu mtu kumfumba mwenzake vidole mbele ya mwanawe?

MtotoWaTandika

Nimesoma uzi wote nikidhani kuna mtu amedhulumiwa kiwanja. Mzee mzima na familia yako unatetemeka kwa ajili ya midoli? Ningekuwa mimi ningelipokea lile tofali, nikashukuru, nikaenda zangu kula.

FundiVinundu (mleta uzi)

Masanduku mengine ya Lego yanaandikwa 18+, kijana, na hayakuandikwa hivyo kwa bahati mbaya. Kuna watu wazima wanaotumia miaka kusanifu vitu hivi, na marehemu James Jessiman, aliyetuandikia LDraw, programu ya kusanifu matofali kwenye kompyuta, mwaka 1995, aliitoa bure kwa watu asiowajua, na jina lake bado linatajwa kwa heshima. Hicho ndicho nilichoomba. Kutajwa.

MamaPacha

Kaka FundiVinundu, pole, ila mwenzio nina msiba mkubwa zaidi humu ndani. Nilikuwa nimetenga vipande vya kioo vya kinundu kimoja, 300 kamili, kwa ajili ya taa za daraja la Kigamboni ninalolijenga. Nilivipanga sakafuni juu ya karatasi nyeupe kwa safu za kumi kumi. Dada wa kazi akaingia na fagio asubuhi, akaniambia ameokota "uchafu wa plastiki" chini ya meza. Nimepekua pipa la taka kwa mikono yangu mpaka saa saba mchana, nikapata 112. Gari la taka lilikuwa limeshapita. Afadhali yako, meli unaiona ilipo.

BambaJembamba

Dada, sakafuni tena? Vipande vya kioo hukaa kwenye visanduku vya dawa vyenye vyumba vya siku saba, si sakafuni. Hata hivyo, 112 si haba.

JahaziLaMsasani

Naona kila mtu analia, basi nami nilie. Muundo wangu wa jahazi nimeupeleka LEGO Ideas, ukurasa wa kampuni wa kupokea miundo ya mashabiki, ambako unahitaji wafuasi 10,000 ndipo ufikiriwe, na ukichaguliwa msanifu hupata asilimia 1 ya mauzo. Mpaka leo nina wafuasi 312. Ndugu zangu pekee ni zaidi ya 90, na kila mmoja ananiambia atapiga kura kesho. Shemeji yangu alinipigia makofi siku nilipomwonyesha tanga linavyokunjika, akaomba nauli, akaondoka bila kupiga kura. Wizi wa faili una nafuu, maana angalau aliyeiba ameipenda kazi yako.

FundiVinundu (mleta uzi)

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Alinifumba vidole. Ninaandika haya nikiwa nimeliweka hilo tofali mbele ya kompyuta, na kila nikilitazama nasikia tena kile kicheko. Naomba ushauri: nilirudishe mezani kwake Jumamosi ijayo mbele za watu, au nimtumie mtu?

MkaguziWaRangi

Kabla ya kulirudisha, liweke kwenye mwanga na utazame juu ya vinundu. Tofali halisi la Lego huwa na jina la kampuni juu ya kila kinundu. Tafadhali tujulishe.

FundiVinundu (mleta uzi)

Nimetazama vinundu vyote vinane. Halina jina.

MkaguziWaRangi

Nilijua! Kwa hiyo meza ya mbele, yenye kibao na taa, inatumia matofali ya kuchanganya. Nimekuwa nikilisema hili kwa muda mrefu na nikaonekana nina wivu. Ukichanganya vipande visivyo na jina ndani ya jengo refu, tofauti ndogo sana ya kipimo inajikusanya tofali kwa tofali, na kufikia ghorofa ya ishirini ukuta umeshapinda. Weupe wake nao ukipigwa na jua la dirishani unageuka njano mapema.

JahaziLaMsasani

Si kweli kwamba vyote vinapinda. Jahazi langu lina vipande 200 visivyo na jina kwenye mkuku, limekaa miaka miwili na halijasogea. Bei ya vile vyenye jina, ukijumlisha posta na ushuru, mtu wa mshahara wangu angemaliza mkuku akiwa amestaafu. Tusidharauliane.

MkaguziWaRangi

Hakuna aliyekudharau, mkuu. Ila ukileta jahazi hilo kwenye maonyesho, ni haki ya mtazamaji kujua.

MtotoWaTandika

Kwa hiyo kuna matofali na matofali? Yule mzee aliyesema tofali ni tofali angewasikia.

BambaJembamba

Gundi je? Maana nimeona meza ya mbele kuna kitu kinang'aa kwenye maungio ya dohani ya hiyo Liemba. Kama ni gundi, basi amevuka mipaka yote, kwa sababu jengo lililobandikwa haliwezi tena kufumuliwa na vipande vyake vimeshakufa.

MamaPacha

Gundi ninaitetea kwa wale tunaosafirisha. Niliwahi kupanda bodaboda kutoka Tegeta nikiwa nimepakata mnara uliofungwa kwenye boksi la mikate, na nilipofika Mwenge nilikuwa nimepakata kokoto. Hebu mwenye uzoefu anieleze: boksi la inchi ngapi linatosha kwa kitu cha vinundu 60, na ndani mnaweka sponji au magazeti?

JahaziLaMsasani

Sponji, dada, na lilaze boksi kwa urefu wa kiti, usilisimamishe. Mwambie dereva asipite barabara yenye matuta hata kama ndiyo ya mkato. Nikifika nyumbani nitalipima boksi langu nikutumie vipimo.