Sweta ya marehemu mama imetoboka kiwiko, naomba ushauri kabla sijaigusa tena

UziMwekundu
Habari zenu ndugu zangu. Nina sweta ya kijani, ya sufu, yenye vifungo mbele. Mama aliifuma kwa mikono yake mwaka nilioanza sekondari, akaivaa miaka na miaka, na alipofariki nikaichukua mimi. Sina vazi jingine ninalolipenda kama hili.

Hali yake ni hii. Kiwiko cha kulia kina tundu la kupitisha vidole viwili. Cha kushoto hakijatoboka ila kimelika, ukikiinua kwenye mwanga unaona hadi upande wa pili. Mwisho wa mkono wa kushoto, ile sehemu inayobana, umenyofoka na kufumuka kama sentimita 3. Karibu na mfuko kuna vitundu vitatu vidogo ambavyo sijui vimetoka wapi. Na kifungo kimoja kati ya sita kimepotea.

Nilishajaribu kuitengeneza. Nilichukua uzi wa kawaida wa cherehani, nikakusanya kingo za tundu, nikavuta na kukaza. Siku mbili ikashika. Siku ya tatu nilipokunja mkono, uzi ukakata sufu ya pembeni na tundu likawa kubwa kuliko mwanzo. Nililia, siwafichi.

Nina boksi zima la mabaki: vidonge vya uzi visivyo na lebo, vipande vya vitambaa, bitana ya koti la zamani, tepe, vifungo vya kila aina. Ningependa nitumie hayo hayo badala ya kununua kitu kipya. Nianzie wapi? Uzi upi nitumie? Na je, nifiche kiraka au nikiache kionekane?

FundiWaKale
Pole sana ndugu. Usijilaumu, kosa ulilofanya hufanywa na karibu kila anayejua kushona kitambaa lakini hajawahi kushughulika na kitu cha kufuma. Kitambaa cha kusuka kina mtande na mshindio, yaani nyuzi za wima na za kulala, zimenyooka na kubanana. Sweta ni vitanzi vilivyoshikana, kila kimoja kinahitaji nafasi ya kutanuka. Ulipokusanya kingo uliondoa nafasi hiyo, na uzi wa cherehani ni mwembamba na mgumu, kwa hiyo kiwiko kilipokunjwa ukawa kama kisu.

Dawa yake ni kutililia, yaani kusuka uzi upya juu ya tundu bila kuzivuta kingo. Kwanza ifumue kwa utaratibu ile kazi ya mwanzo, kata uzi wa cherehani vipande vipande uutoe, usiuburute. Kisha fua sweta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Usisugue wala kukamua. Joto, maji na msuguano vikikutana, sufu hushikana na kusinyaa, na ikishasinyaa hivyo hairudi. Izungushie taulo, bonyeza maji yatoke, itandaze ikauke ikiwa imelala.

Kingo za tundu usizikate ziwe nadhifu! Acha kila kitanzi kilichobaki, ndicho kitakachoshika kazi yako. Weka chini ya tundu kitu kigumu chenye mgongo laini wa mviringo. Balbu kuukuu ya kioo, mpira wa mbao, au kitako cha chupa, chochote ambacho sindano haitakwamia. Tumia sindano yenye ncha butu na tundu kubwa.

Anza sentimita 2 nje ya tundu, kwenye sehemu iliyo nzima. Pitisha uzi juu na chini ukifuata safu za ufumaji, vuka tundu, ingia upande wa pili sentimita 2 nyingine, geuka, rudi kando ya mstari wa kwanza. Kila unapogeuka acha kitanzi kidogo kilicholegea, usikaze. Sufu mpya husinyaa kidogo ikifuliwa, na hicho kitanzi ndicho akiba yake. Ukimaliza mistari ya wima, anza ya kulala: juu ya uzi mmoja, chini ya unaofuata, juu, chini, na mstari unaofuata ufanye kinyume. Sukuma kila mstari kwa sindano ukae karibu na mwenzake. Usipige fundo popote. Acha mkia wa sentimita 5 uufiche kwa nyuma mwishoni. Fundo kwenye kiwiko utalihisi kila ukiegemea meza.

Haraka haifai hapa. Tundu la ukubwa huo litakuchukua jioni mbili.

SandukuLaSufu
Kabla hujashika sindano, vile vitundu vitatu karibu na mfuko vinanitia wasiwasi. Inaelekea ni nondo wa nguo. Nondo mwenyewe anayeruka hali sufu, wanaokula ni viluwiluwi vyake, na mayai ni madogo kiasi kwamba unaweza kutililia juu yake usijue. Ukishaifua na ikakauka kabisa, tia sweta kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka urudie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye sufu.

Na lile boksi la mabaki je, lilikaa kabati moja na sweta? Kama ndiyo, vidonge vya sufu navyo viingie friza. Kabati lipanguse kila pembe na kila ufa. Nimewahi kutengeneza koti vizuri kabisa nikalirudisha kabati lile lile, baada ya miezi michache likawa na matundu mapya kando ya viraka vyangu.

UziMwekundu
Boksi na sweta vilikuwa rafu moja. Nimekwenda sasa hivi nikatazama kwa tochi, nimekuta vijifuko vidogo kama punje kwenye kona. Asante sana, nisingejua. Vyote vinaingia friza leo.

MkasiMkali
Kuhusu uzi usio na lebo, kuna jaribio rahisi la moto. Kata nyuzi ya urefu wa kidole, ishike kwa koleo juu ya beseni lenye maji, mbali na mabaki mengine, iwashe. Sufu huwaka polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na ukiiondoa motoni huelekea kuzima yenyewe. Majivu yake ni meusi na yanapondeka kwa vidole yakishapoa. Pamba huwaka upesi kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu lisilopondeka.

Kwa sweta hii chukua kidonge kilichonuka nywele. Unene uwe sawa na uzi wa sweta au pungufu kidogo, kamwe usizidi. Uzi mnene hutanua vitanzi vya jirani na kuvichosha. Ukiwa na uzi wa nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, unaweza kuuachanisha ukatumia mbili.

Njiwa_Manga
Kwani tabu yote hii ya nini? Kuna vile viraka vya kubandika kwa pasi vyenye gundi. Dakika tano umemaliza.

FundiWaKale
Njiwa, kwenye suruali ya kazi sina neno. Kwenye sweta ya kufuma hapana. Gundi hukaa ngumu wakati kilichoizunguka kinanyumbuka, kwa hiyo mpasuko mpya huanzia pale pale kwenye ukingo wa kiraka. Baada ya hapo hata akitaka kutililia, sindano haipenyi kwenye gundi. Vazi lenye historia hii halistahili kazi isiyoweza kufumuliwa.

Bibi_Kastabini
Mwanangu, nimesoma habari yako mara mbili. Mimi nafuma tangu nikiwa msichana, nikuambie jambo ambalo wenzangu hawajaligusa. Uzi unaoutafuta kwenye boksi umo ndani ya sweta yenyewe.

Tazama mifuko. Je, mfuko umefumwa na kipande cha ndani kinachoning'inia, cha uzi ule ule wa kijani? Kama ndivyo, kifungue kwa uangalifu, kifumue, uwe na mita kadhaa za uzi wa mama yako mwenyewe. Mahali pake shona kipande cha ile bitana ya koti uliyonayo. Hakuna atakayeona, na mkono wako utaingia mfukoni vizuri zaidi.

Uzi ukishafumuliwa huwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge kwa kamba sehemu nne usitatizike, uloweke maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha utundike ukauke wenyewe. Mawimbi yataondoka. Rangi itakuwa imekolea kidogo kuliko kiwiko kwa sababu mfukoni hakukupigwa na jua.

Uzi huo ni mchache, kwa hiyo utumie pale unapohitajika zaidi. Kwa maoni yangu ni kiwiko cha kushoto, kile kilicholika. Hicho usikitililie, fuata vitanzi vyenyewe. Kila kitanzi cha sweta kina umbo la herufi V. Toa sindano chini kabisa ya V, pitisha nyuma ya miguu miwili ya V iliyo juu yake, rudi ulipotokea. Umefuata njia ya mama yako kitanzi kwa kitanzi, na kiwiko kimekuwa na unene mara mbili bila kuonekana kiraka.

Mwisho wa mkono, kata kilichonyofoka mpaka ufikie mstari mzima, nasa vitanzi vyote vilivyo hai, yaani vilivyobaki wazi, kwenye sindano za kufumia kabla havijakimbia na kufumuka, ufume kushuka chini kwa uzi wa rangi yoyote. Ukimalizia, funga vitanzi kwa kulegeza, mkono upite.

UziMwekundu
Shikamoo Bibi. Nimeangalia, mfuko uko vile vile ulivyosema. Lakini nikishika mkasi mkono unasita. Naona kama nabomoa kazi yake.

Bibi_Kastabini
Marahaba mwanangu. Mama yako alipofuma mfuko alijua uzi wa sufu hufumuka na kufumwa tena, kila mfumaji anajua. Kata uzi wa mshono tu, ule unaoshikilia kipande. Kipande chenyewe hukikati, unatafuta mwisho wa uzi unavuta. Ukiona moyo haujakubali, anza na kiwiko cha kulia kwa uzi wa boksi, mfuko usubiri.

Kiraka_Wazi
Kuhusu kuficha au kuonyesha, mimi nasema onyesha tundu la kulia. Rangi ya kijani iliyochakaa huwezi kuipata tena dukani, na kiraka kinachokaribia kufanana lakini hakifanani huonekana kama doa. Chagua rangi iliyo mbali kabisa, haradali au kahawia iliyoiva, iwe wazi kwamba ni kazi ya mkono. Vile vitundu vitatu vya nondo vinaweza kufunikwa na nyota ndogo za kudarizi kwa uzi huo huo.

SandukuLaSufu
Sikubaliani kwenye nyota. Vitundu vidogo vizuiwe kwanza kwa uzi wa kijani, kitanzi kilichokatika kisiendelee kukimbia. Mapambo baadaye.

Kiraka_Wazi
Hapo uko sahihi. Zuia kwanza.

Goti_Tupu
Samahani kuingilia, mimi tatizo langu ni suruali ya jinzi iliyopasuka goti. Njia hii ya sweta inafaa?

FundiWaKale
Jinzi ni kitambaa cha kusuka, huko kiraka kinafaa. Fua kwanza kipande cha kiraka, kama hakijawahi kufuliwa kitasinyaa baadaye na kukunja goti zima. Kiweke kwa ndani, nyuzi zake zielekee upande mmoja na za suruali, pembe zake zizungushe ziwe duara kwa sababu pembe kali huchomoka mapema. Kipige bandi, yaani kishikize kwa mshono wa muda, kisitembee, kisha shona mistari mingi ya mshono wa kupitisha, sambamba, ikivuka mpaka nje ya mpasuko. Wajapani wana ushonaji wa namna hiyo, sashiko, uliotumika kuimarisha nguo za kazi. Uzi wa pamba mnene unatosha.

MkasiMkali
UziMwekundu, na mabaki yako mengine yapange kwa aina ya nyuzi, usipange kwa rangi. Pamba na pamba, sufu na sufu. Ukitafuta kiraka rangi utaiona kwa macho, lakini aina ndiyo inayoharibu kazi. Nyuzi zilizopungua urefu wa kiganja haziwezi tena kutililia, zikusanye kwenye kifuko uzijaze kwenye kimto cha kuchomekea sindano. Mabaki ya fulana yakate utepe mrefu uvute, yatajikunja yawe kamba laini ya kufumia. Vifungo vidogo bapa vitenge: kimoja kikae nyuma ya kila kifungo kikubwa cha sweta unapokishona, uzito usiikate sufu.

UziMwekundu
Nimerudi baada ya wiki tano, nawaletea mrejesho.

Friza wiki 2, kabati nimepangusa lote. Jaribio la moto lilinionyesha kwamba kati ya vidonge tisa, vitatu tu ni sufu. Kimoja ni rangi ya haradali, nacho ndicho kilichokwenda kiwiko cha kulia. Jioni tatu badala ya mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikaza nikafumua. Sasa nakunja mkono na hakuna kinachovuta.

Mfuko niliufungua wiki ya tatu. Nilipovuta mwisho wa uzi, mstari wa kwanza ulikataa, nikakuta mama alikuwa amefunga fundo dogo mara mbili, vile alivyofunga kila kitu. Nilikaa nalo kwa muda kabla ya kulifungua. Uzi ulitosha kiwiko cha kushoto chote na vile vitundu vitatu. Ndani ya mfuko sasa kuna bitana ya koti. Mwisho wa mkono nimeufuma kwa haradali, na kifungo cha sita ni cha mbao, hakifanani na wenzake, kina kifungo kidogo nyuma yake kama MkasiMkali alivyosema.

Umebaki uzi wa kijani kama mita 4. Bibi, niufanyie nini?

Bibi_Kastabini
Uzungushe kwenye kipande cha kadi, uushone ndani ya mshono wa ubavuni. Kiwiko kitalika tena siku moja, na atakayekuwa na sweta siku hiyo ataukuta hapo.